Biti na vokali za kupeleka kwa fundi wa miksi: niziandaeje?

Wakuu, biti nimetengeneza kwenye programu ya FL Studio, vokali (sauti za kuimba) zipo tayari. Fundi nimpe faili zipi?

Jibu la 1
Mkuu, usimpe biti nzima ya MP3. Toa kila ala peke yake: kiki, snea, besi, kinanda, WAV ya 24-bit. Zote zianze sekunde 0, hata ala inayoingia kwenye kiitikio tu, la sivyo atabaki kukisia pa kuipanga. Zima limita (kizuizi cha sauti kupita kiwango) kwenye masta (njia ya mwisho zinapokutana sauti zote), kilele cha sauti kiishie kama -6 dB. Vokali iliyokwaruza wakati wa kurekodi usiitume, rudia kuimba. Hakuna miksi itakayoiokoa.

Jibu la 2
Vokali ziwe mono (chaneli moja): sauti kuu, dabo (sauti kuu iliyorudiwa kuimbwa) na adlibu (vionjo vya pembeni) kila moja na treki yake, bila mwangwi. Kama ototuni (programu ya kunyoosha noti za sauti) ndiyo ladha ya wimbo, tuma mbili, kavu na iliyotuniwa. Ulipokata vipande weka fedi (sauti kupanda au kushuka taratibu) ya milisekunde 5 hivi, vinginevyo utasikia "tik" kila kiungio. Pumzi usizifute zote, sauti itakuwa kama ya roboti.

Muulizaji
BPM (kasi ya biti) je?

Jibu la 1
Iandike kwenye jina la folda, pamoja na ki (ufunguo wa noti) ya wimbo. Ongeza na miksi yako ya majaribio, aone unakotaka kwenda.