Mrejesho: umri wa bibi tumeukadiria

Niliuliza tuandike mwaka gani wa kuzaliwa kwenye kaburi la bibi yetu wa Lindi, maana hakuacha hata karatasi moja. Ahsanteni, ule ushauri wa kupima kwa matukio umetufaa. Mama mkubwa anasema kimbunga cha Aprili 1952 kilimkuta bibi akinyonyesha mtoto wa tatu. Na mradi wa karanga wa Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940, ulimkuta na kifungua mimba mgongoni. Tumeandika “takriban 1929”.

Kinachoniuma: ukoo mzima na mtaa mzima walikuwa wakimwendea yeye kuuliza ya zamani, nami nimebaki na dakika 11 tu za sauti yake nilizorekodi kwenye simu, nusu yake jogoo anawika.