Mrejesho: Nimehamia kwenye seva yangu mwenyewe

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kama seva ya kukodi yenye RAM ya GB 1 inatosha kuendesha Mastodon yangu (programu ya mtandao wa kijamii ambayo mtu anaweza kuiweka kwenye seva yake), niachane na mitandao ya makampuni makubwa. Nilifuata ushauri wa kuweka GoToSocial, programu nyingine ya aina hiyo, badala yake: ni nyepesi, inatumia SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), na inawasiliana na watu wa Mastodon kupitia ActivityPub, yaani lugha ya pamoja ya seva hizi. Inakwenda vizuri, naisoma kwa app ya Tusky kwenye simu.

Wafuasi wa akaunti yangu ya zamani ya Mastodon wamehamia huku. Machapisho hayahami, kwa hiyo pakueni nakala mapema. Ndugu zangu wengi wamegoma kuhama, na inaniuma. Kwa ajili yao bado sijafunga akaunti zangu kwenye mitandao ya makampuni makubwa.

Aliyenisisitiza nichague domeni (jina la anwani ya seva) kwa makini kwa kuwa haibadilishwi baadaye, Mungu akubariki.