Msaada wakuu: jicho na shingo vimehesabiwa kuwa ubongo kwenye picha zangu za MRI

nasra_wa_picha:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama wiki ya pili sasa. Niko masters, napima ujazo wa ubongo kwa wazee wa miaka 60 kwenda juu, nina picha 48 za MRI, zote za aina ile ya T1. Kabla ya kupima si lazima utoe kila kisicho ubongo, ngozi, mafuta, fuvu, macho, ule utando mgumu unaofunika ubongo, basi nikatumia BET, kile kiprogramu cha kutoa fuvu kwenye FSL (mkusanyiko wa programu za picha za ubongo), nikaiacha na namba yake ya ukataji ileile iliyokuja nayo, 0.5. Jedwali likatoka nikafurahi kweli. Juzi supavaiza ananiuliza imekuwaje huyu namba 17 ana ubongo mkubwa hivi na kwenye picha unaonekana kabisa umesinyaa? Nikafungua, jamani, jicho la kushoto lipo lote, duara kamili na mshipa wake kwa nyuma, na chini nyama ya shingo imeingia mpaka usawa wa taya. Nikashusha iwe 0.3 ikawa mbaya zaidi, nikapandisha 0.7 jicho likatoka lakini likaondoka na kipande cha ubongo pale nyuma ya paji la uso na pembeni huku karibu na masikio. Sasa nimchagulie kila mtu namba yake au waliogoma niwatoe? Wale wazee wamelala mle kwenye mashine na zile kelele zote, roho inaniuma kuwatupa.

babu_vokseli:
Pole sana dada, usimtupe mtu. Kinachokusumbua ni shingo. BET inatafuta kwanza katikati ya kichwa halafu inapuliza kitu kama puto kutoka hapo mpaka ligote kwenye ukingo wa ubongo, sasa picha ikishuka mpaka shingoni ile katikati nayo inashuka, puto linaanzia kooni huko. Kata shingo kwanza kwa robustfov, nayo imo humo humo FSL, ndo uende BET ukiweka chaguo la -R, itaitafuta katikati upya mara kadhaa. Ipo na -S ya kusafisha macho, na -B ya kusawazisha mwangaza na kupunguza shingo, ila hizo tatu haziendi pamoja, unachagua moja. Hiyo 0.5 ndogo inaacha kingi, kubwa inakata, ndo maana ulivyoshusha ukaongezewa nyama.

fundi_mashine:
Naongezea nikiwa upande wa kupiga picha. Koili, yaani antena ya mashine iliyo karibu na kichwa, inafanya sehemu za pembeni zing'ae kuliko katikati, na programu inaangalia mwangaza, kwa hiyo inadanganyika. Sawazisha huo mwangaza kwa N4, programu ya kazi hiyo, kabla ya yote. Na mzee ambaye shingo haikunyooka kichwa kinalala upande, hao uwafungue mmoja mmoja kwa macho yako.

mama_takwimu:
Nasra mdogo wangu, kumchagulia kila mtu namba yake usifanye kabisa. Ukishajua huyu ni mgonjwa na huyu mzima mkono wako utaelemea upande bila kujijua. Utaratibu uwe mmoja kwa wote 48, na pale panapohitaji kurekebishwa kwa mkono mtu afiche majina na makundi kwanza. Mimi siku hizi natumia SynthStrip, programu nyingine ya kutoa fuvu iliyotoka 2022, iko ndani ya FreeSurfer (mkusanyiko mwingine kama FSL), ilifundishwa kwa picha za kutengeneza za kila aina ndo maana haichagui, na laptop ya kawaida inaimudu. Ila sikiliza hapa ndo penyewe: ujazo wa ile maski, yaani eneo lote ambalo programu imelibakiza, SIO ujazo wa ubongo! Ubongo wa mzee ukisinyaa fuvu halisinyai, pengo linajaa maji, na maski inabeba na hayo maji. Ukipima maski unampima na maji yake, aliyesinyaa na asiyesinyaa watatoka karibu sawa na utafiti wako umekufa. Ukishatoa fuvu pitisha FAST ya FSL, inayogawa kilichobaki kuwa kijivu, cheupe na maji, chukua kijivu na cheupe (hizo ndo tishu za ubongo wenyewe) ujumlishe, maji uache. Na picha za mwanzo zenye fuvu usizifute, utazihitaji kusahihisha ukubwa wa kichwa, mtu mwenye kichwa kikubwa ana ubongo mkubwa tu kwa asili.

nasra_wa_picha:
Dada mama_takwimu Mungu akubariki, hiyo ya maji hakuna aliyewahi kuniambia. Nimeanza na 17 usiku huu. Mwanzo ilikuwa sentimita za ujazo 1,510, baada ya SynthStrip maski ikaja 1,290, nimejumlisha kijivu na cheupe 1,004. Jicho limetoka, na mbele ubongo haujaguswa. Ila namba 31 huku juu utosini naona kamstari kembamba kanang'aa kamebaki, ni utando au ubongo?

babu_vokseli:
Iangalie kwa mbele, sio kwa ubavu. Kakiwa kamekaa katikati kabisa kati ya nusu mbili na hakafuati mikunjo, huo ni utando, futa kwa mkono kwenye FSLeyes, ile programu ya FSL ya kufungulia picha. Ukiuacha na baadaye ukapima unene wa gamba la ubongo, namba itapanda ya uongo.

nasra_wa_picha:
Kako katikati kweli, hakafuati mikunjo. Nafuta, halafu naendelea na 32.