Programu huru ya kuhifadhi makala za kusoma baadaye: nakala zikae wapi?

Mjenzi
Wanajukwaa, ninajenga peke yangu programu ya kuhifadhi makala ili msomaji azisome baadaye, hata akiwa hana intaneti, na sasa sina budi kuamua nakala zikae wapi. Ninalinganisha njia tatu: seva yangu, seva ambayo kila mtumiaji anajisimamishia, kama programu ya wallabag inavyoruhusu, au ndani ya kifaa cha msomaji bila seva yoyote. Naegemea ya tatu, kwa kuhofia kwamba huduma inayotegemea seva huweza kufungwa. Pocket, huduma ya aina hii iliyoanza mwaka 2007 na kununuliwa na Mozilla mwaka 2017, ilifungwa Julai 2025, na Omnivore ilikuwa imeshatangulia mwishoni mwa 2024.

FundiSeva
Hofu yako ina msingi, ila pima kwanza kazi ambazo seva inakufanyia. Mtu akituma kiungo kutoka kwenye simu, seva huichota makala papo hapo, na akifungua kompyuta jioni anaikuta tayari. Pamoja na hayo, nakiri kwamba seva ina upofu wake: makala iliyo nyuma ya usajili wa kulipia, seva huambulia ukurasa wa kuingilia tu, ilhali kiendelezi cha kivinjari, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani yake, hunakili ukurasa ule ule ambao msomaji anauona.

Mtunzakumbukumbu
Ndugu Mjenzi, suala la kuhamisha data ndilo lenye uzito kuliko yote. Faili waliyopewa watumiaji wa Pocket ilikuwa na viungo, vichwa vya makala na lebo, bila matini yenyewe. Kwa hiyo makala iliyokwisha kufutwa kwenye tovuti yake ilibaki kuwa anwani isiyofunguka. Omnivore nayo ilikuwa programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa yeyote, na msimbo huo ungalipo, lakini hilo halikumsaidia msomaji wa kawaida asiyejua kusimamisha seva. Ndiyo maana njia ya pili naiona ni ya mafundi wenzetu, si ya umma.

Sanduku
Naunga mkono njia ya tatu, kwa sharti kwamba usitegemee hifadhi ya kivinjari. Kivinjari cha Safari cha Apple hufuta data ambayo tovuti imeihifadhi kwa JavaScript, lugha ya msimbo wa kurasa za wavuti, iwapo mtu atatumia kivinjari hicho kwa siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo, isipokuwa ameiweka kwenye skrini ya mwanzo. Tengeneza programu ya kusakinishwa, na kila makala iwe faili yake ya HTML, muundo wa kurasa za wavuti, pamoja na picha zake, katika folda ambayo mtumiaji anaiona na anaweza kuiweka kwenye hifadhi yoyote ya mtandaoni aliyo nayo. Hifadhidata ya SQLite itumike kwa utafutaji tu, tena ibaki nje ya folda hiyo, kwa maana vifaa viwili vikiiandikia kupitia usawazishaji wa mafaili huweza kuiharibu. Ikiharibika, utaijenga upya kutokana na makala zenyewe.

Mjenzi
Nashukuru sana. Nitaanza na kiendelezi kitakachosafisha ukurasa kwa Readability, maktaba ya msimbo inayotoa matini ya makala na kuacha mengine, ambayo Firefox huitumia katika hali yake ya kusomea, kisha kuandika faili kwenye folda kama Sanduku alivyoeleza. Hoja ya FundiSeva kuhusu simu inabaki, na nikilazimika kuongeza seva, itapokea viungo na kuvifikisha kwenye vifaa vya mtumiaji, kisha ivifute.