Viongozi wa bendi za dansi, acheni kuwafukuza wanamuziki kimyakimya!

Wakuu,

Nina hasira, na naomba uzi huu umfikie kila mmiliki wa bendi ya dansi hapa Dar, pamoja na viongozi mnaotumwa kumaliza kazi chafu kwa niaba yake. Namna mnavyoachana na wanamuziki ni aibu. Mpiga gitaa la solo anajua hana kazi baada ya kutolewa kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane. Mwimbaji anafika ukumbini Ijumaa na sare yake mkononi, anakuta mgeni ameshashika maiki. Mnenguaji anaambiwa "pumzika kwanza, tutakuita", wiki zinapita, posho hakuna, barua hakuna, na akionekana kwenye jukwaa la bendi nyingine mnampigia simu za vitisho.

Hiyo "pumzika kwanza" ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu hajafukuzwa, hajasimamishwa, halipwi, na hana ruhusa ya kutafuta riziki kwingine. Kama mmeachana naye, mwambieni. Kama mnamchunguza kwa kosa fulani, mpeni barua yenye tarehe, na mshahara wake uendelee mpaka uchunguzi uishe.

Msijifiche nyuma ya kauli ya "hana mkataba". Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Mtu anayepangiwa saa za kazi na wewe, anayetumia vyombo vyako, anayekutegemea kwa kipato, au aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Sharti moja tu kati ya hayo linatosha. Bendi yenye mazoezi mara tatu kwa wiki na maonyesho kila mwisho wa wiki inapita saa 45 kabla mwezi haujafika katikati.

Sasa namna inavyotakiwa kufanyika.

Kwanza tatizo liandikwe kwa jina lake. "Nidhamu mbovu" si tatizo, ni tusi. Andika: amechelewa mazoezi tarehe fulani na fulani, au hajashika nyimbo mpya nne ambazo wenzake wanazipiga. Mpe onyo la maandishi na muda unaopimika, mathalani wiki nne, na taja nyimbo anazotakiwa kuzimudu. Wengi mnaruka hatua hii kwa sababu mnaogopa maneno, halafu siku mkipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hamna hata karatasi moja ya kuonyesha. Aliyefanya kazi miezi sita au zaidi ana haki ya kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na ana siku 30 za kupeleka shauri lake.

Uamuzi ukishafikiwa, aambiwe siku ya mapumziko, si nusu saa kabla ya kupanda jukwaani na wala si msibani. Wakae naye watu wawili, kiongozi wa bendi na mwenye mamlaka ya kulipa. Pamoja naye mnakuwa watatu, inatosha, msiongeze wa nne. Mkimzunguka bendi nzima mtakuwa mmegeuza kikao kuwa baraza la kumsuta. Maneno yawe machache: "Ndugu yetu, tumeamua kuachana na wewe kuanzia tarehe hii. Sababu ni hizi mbili tulizokuandikia. Malipo yako ni haya hapa." Msifukue ya miaka mitano nyuma. Msimwambie "labda baadaye" kama hamna nia hiyo, maana atakaa nyumbani akisubiri simu.

Pesa ndiyo inayoleta ugomvi, kwa hiyo nipige hesabu. Mwanamuziki anayelipwa 312,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, kwa siku anapata kama 12,000. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28; mkitaka aondoke leo mlipeni wiki hizo nne, yaani siku 24 za kazi, 288,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka kumi. Aliyetumikia miaka minne anapata siku 28, yaani 336,000. Kiinua mgongo hakilipwi kama ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, lakini siku alizofanya kazi na likizo asiyochukua zinalipwa vyovyote iwavyo. Mpeni na hati ya utumishi. Hesabu yote iwe kwenye karatasi moja, ikionyesha na mkopo anaodaiwa, kila upande usaini. Kumwambia "njoo Ijumaa mlangoni tutakukatia kwenye viingilio" ni kumdhalilisha mbele ya mashabiki wake.

Na acheni kutangaza kwenye maiki! Hamna haja ya kumwimbia vijembe mtu mliyekula naye. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka bendi ya Msondo mwaka 1978 akaenda kuianzisha bendi ya Mlimani Park na wenzake, mwaka 1985 akahamia OSS (Orchestra Safari Sound), kisha akarudi Msondo na kuendelea kuimba huko miaka mingi. Huyo unayemtukana leo huenda ukamhitaji kesho, na yeye hatasahau ulichosema ukumbi ukiwa umejaa.

*

RizimuLaPili ameandika:

Mkuu umegonga penyewe, ila umesahau nyimbo. Bendi zinamtimua mpiga solo kisha wiki inayofuata sebene, ile sehemu ya kucheza ambayo magitaa ndiyo yanaongoza, linakufa, kwa sababu lilikuwa vidoleni mwake tu. Wanamlaumu mgeni bure. Mgeni atajuaje kwamba kwenye wimbo fulani besi inakaa kimya mizunguko miwili kabla solo haijaingia, au kwamba drams zikipiga roli ile ndiyo ishara ya rapa kupokea?

Dawa yake ni kurekodi. Kila wimbo ukishakamaa mazoezini, rekodini mara moja wote pamoja, kisha kila gitaa peke yake: solo, solo la pili, rizimu, besi. Simu inatosha, ikiwekwa karibu na spika ya gitaa na wengine wanyamaze. Andikeni na ufunguo wa wimbo. Lakini mfanye hivyo kwa wote na mwaka mzima. Mkianza kumrekodi mtu mmoja wiki mbili kabla ya kumwondoa, atanusa njama, na atakuwa na haki ya kukasirika.

Mgeni mpeni nyimbo kumi za kuanzia, zile zinazoombwa sana ukumbini. Mkimtwisha arobaini kwa wiki moja atazivuruga zote.

*

Mtunza Hazina ameandika:

Naongezea upande wa mali, maana hapo ndipo watu wanafikishana polisi. Orodha ya vyombo iandaliwe siku mtu anapoingia kwenye bendi, si siku anapotoka: gitaa na namba yake, pedali, kebo, sare. Bila orodha hiyo kila kebo iliyopotea tangu mwaka juzi inabebeshwa yeye.

Kurasa za mtandaoni nazo. Chaneli ya YouTube ya bendi mara nyingi imefunguliwa kwa simu na barua pepe ya mwanamuziki mmoja, na akiondoka na hasira video zote zinaondoka naye. Hamisheni umiliki mapema kwenye akaunti ya bendi yenye wasimamizi wawili. Nywila zibadilishwe saa ileile ya kikao, sio siku moja kabla, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfanya ajue kabla hamjamwambia.

Kuhusu tungo: aliyetunga abaki ametajwa kuwa ndiye mtunzi, awe ndani ya bendi au nje. Kusajili wimbo wake COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki, kwa jina la kiongozi baada ya yeye kuondoka ni wizi, niite vinginevyo kwa nini? Andikianeni kwamba bendi itaendelea kuupiga jukwaani, na mapato ya rekodi yatagawanywa vipi.

*

Mleta uzi:

Nawashukuru wote wawili. Kwa vijana wenye bendi za kwao, zisizo na mmiliki, ambapo wote ni sawa: kwenu hamna mwajiri, kwa hiyo jibu lipo kwenye makubaliano yenu. Andikeni sasa hivi, mkiwa bado mnapendana, kura ngapi zinamtoa mtu na jina la bendi linabaki kwa nani. Bendi ya Kongo, Wenge Musica, ilipopasuka mwaka 1997, waimbaji wake JB Mpiana na Werrason kila mmoja alitoka na Wenge yake, na mashabiki Kinshasa wakagawanyika kambi mbili kwa miaka. Hao walikuwa wakubwa kiasi cha kulibeba jina moja pande mbili. Bendi yenu ya watu sita haitabeba.