Kiingereza kinavunja sheria zake chenyewe, halafu anayechekwa ni mtoto wa Tanga

Wakuu, salamu kwanza, halafu mnivumilie maana leo nina hasira.

Uzi huu unawahusu nyie wenye vituo vya tuisheni hapa mjini, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, mnaobandika ukutani "kanuni za Kiingereza" kana kwamba ni jedwali la kuzidisha. Mbili mara mbili ni nne Chumbageni na ni nne London. Hiyo kanuni yenu ya "i inatangulia e, isipokuwa baada ya c" haifiki hata Pongwe. Mtoto anaandika "wierd", "sieze" na "protien", sawasawa na mlivyomkaririsha, mnamkata alama na darasa zima linamcheka kwamba Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Kafuata sheria! "Weird", "seize", "protein" na "caffeine" zote zina ei na hakuna c karibu. "Science", "species" na "ancient" zina c na bado ni ie. Sasa kanuni hapo ni ipi?

Chukueni risiti, kitu ambacho kila mwenye duka anacho. Sisi tumeandika risiti, unalolisikia ndilo unaloliandika, mambo yakaisha. Wenyewe wanaandika "receipt" na p haitamkwi. Neno walilitoa kwenye Kifaransa bila p. Wakaja wasomi wakaona heshima ya Kilatini imepotea, maana kule kuna "recepta", wakaipachika. Lakini "deceit" na "conceit", ndugu wa ukoo uleule wa Kilatini, hawakupewa p. Wamesahauliwa tu. Mtoto akiuliza kwa nini huyu anayo na wale hawana, anaambiwa "ndivyo kilivyo".

"Debt" ni hivyohivyo: Kifaransa "dette", b imeletwa baadaye ili ifanane na "debitum". "Doubt" vilevile. Lakini inayotia hasira zaidi ni "island". Hili ni neno la Kiingereza chenyewe, halina damu ya Kilatini hata tone, na zamani liliandikwa "iland". Karne ya 16 watu wakalichanganya na "isle", lililotoka Kilatini kupitia Kifaransa, wakalitia s isiyo yake. Kosa likawa sheria. Leo mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiiacha ile s anakatwa alama kwa kutorudia kosa la watu waliokufa zamani.

Tuje kwenye irabu. Mtoto akisoma "name" kama na-me, mnapasuka mbavu. Basi jueni kwamba Mwingereza wa mwaka 1400 angemwelewa. Wakati ule walisema "naame", "time" ilikuwa "tiime", na "see" ilikaribia "see" yetu ya Kiswahili. Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700 irabu zao ndefu zilihama mdomoni, moja baada ya nyingine: aa ikapanda ikawa ei, ee ikawa ii, ii ikavunjika ikawa ai. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1476, William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Wachapaji wakaanza kuzoesha watu tahajia za zamani wakati midomo inaendelea kuhama. Ndiyo maana wanaandika ya kale na kusoma ya sasa, na hakuna BAKITA ya Kiingereza ya kuwaita mezani. Hawana chombo rasmi cha lugha mpaka leo.

Halafu lile balaa la "ough". "Though" ni dhou, "through" ni thruu, "tough" ni taf, "cough" ni kof, "bough" ni bau, "thought" ni thoot. Herufi zilezile nne! Sababu ipo, na watu wa pwani tungeielewa haraka kuliko wote kama mwalimu angeisema: gh ilikuwa sauti kama kh ya "kheri". "Night" ilitamkwa nikht. Baadaye sauti ile ikawashinda. Kwenye maneno mengine ikafa kabisa, kwenye mengine ikageuka f, na kwenye maandishi kaburi lake likabaki. Hakuna kanuni ya kukwambia ipi imekufa na ipi imegeuka. Unakariri neno kwa neno, basi.

Na hiyo th wanayojivunia, wanaiandika namna moja kwa sauti mbili. "Thing" ina th ya thelathini, "this" ina dh ya dhahabu. Sisi tumezitenga, wao wamezirundika, halafu wakaongeza "Thames" na "Thomas" ambazo ni t tupu.

Sasa sikilizeni hili, maana si la mtihani tu. Mnafundisha kwamba "in-" mwanzoni mwa neno ni kukanusha: "correct" na "incorrect", "visible" na "invisible". Sawa. Kijana anapita karibu na lori la mafuta linalotoka bandarini, ubavuni limeandikwa INFLAMMABLE. Kwa kanuni yenu analisoma vipi? "Flammable" ni kinachowaka, kwa hiyo "inflammable" ni kisichowaka, na sigara iko mkononi. Kumbe maneno hayo mawili maana yake ni moja: linashika moto upesi! "In-" hiyo si ya kukanusha, ni ile ya Kilatini ya "ndani", kutoka "inflammare", yaani kuwasha. Wamarekani wenyewe waliona hatari, na miaka ya 1920 chama chao cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kikahimiza watu waandike "flammable" ili asiungue mtu kwa sababu ya sarufi. Neno la zamani halikuondoka. Yapo yote mawili, na kisichowaka kinaitwa "non-flammable". Hilo mmelibandika ukutani?

Ya wingi sina nguvu nayo. "Mouse" ni "mice" lakini "house" ni "houses", endeleeni wenyewe. Ila hii ya s lazima niiseme: "the boy eats", "the boys eat". S imetoka kwenye kula ikarukia kwa mtoto! Mtu aliyekulia kwenye "kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka" anategemea nomino na kitenzi vikubaliane, anaandika "the boys eats", kwa mantiki safi kabisa ya upatanisho. Mwambieni basi kwamba ni s mbili zisizojuana: ya nomino ni ya wingi, ya kitenzi ni salio la viambishi vya nafsi vya zamani, vingine vyote vimekufa kikabaki hicho. Sentensi moja tu ya maelezo. Badala yake anapewa "andika mara hamsini".

Ng'oeni hayo mabango. Andikeni orodha za maneno yanayokwenda pamoja, na sababu kando yake. Naomba kuwasilisha.

*

Mzee wa Kamusi: Mleta uzi umenena. Naongeza ya "-ed", maana inaua watu kwenye usaili. Wengi wanasoma "walked" kama wokedi. Hii bahati nzuri ina kanuni isiyovunjika kirahisi, ila haifundishwi. Weka vidole kooni utamke sauti ya mwisho ya kitenzi kabla ya kuongeza "-ed". Koo likitetemeka, ongeza d: "played", "robbed". Lisipotetemeka, ongeza t: "walked" ni wokt, "washed" ni wosht. Neno likiishia na t au d yenyewe, hapo tu ndipo unaongeza silabi: "wanted", "needed". Kosa letu linatokana na kwamba silabi ya Kiswahili inapenda kufungwa na irabu, kwa hiyo ulimi unachomeka i bila kuombwa. Jihadharini na "naked" na "wicked", hizo ni vivumishi na zina silabi mbili.

Kichwa Ngumu wa Muheza: Acheni kulialia. Kiswahili nacho kina mambo yake. "Barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kufanya jambo sawasawa zinaandikwa vilevile, mkazo tu ndio unahama. Na mbuzi je, wa maziwa au wa kukunia nazi?

Mleta uzi: Mkuu, umetaja barabara moja. Wao wana "record", "permit", "object", "present", "export" na rundo jingine: mkazo mwanzoni ni nomino, mwishoni ni kitenzi. Na hata hiyo hawaishiki, maana "answer" na "travel" hazihami. Halafu mbuzi wote wawili unawatamka sawa. Wao "read" ya jana na "read" ya leo wanaandika sawa wakatamka tofauti. Tena kuna "bury": tahajia imetoka lahaja moja, matamshi yametoka lahaja ya Kent. Ni sawa na sisi kuandika "ndia" ya Kimvita halafu tusome "njia" ya Kiunguja, na atakayekosea tumcheke.

Dira ya Kaole: Huku Bagamoyo kwenye utalii tatizo kubwa si tahajia, ni "yes" na "no". Mgeni anauliza mapokezi: "Haven't they brought the towels?" Mhudumu anajibu "Yes", akimaanisha ndiyo, hawajaleta. Mgeni anapanda chumbani akijua taulo zimefika. Baada ya dakika tano anashuka amevimba. Hakuna aliyedanganya. "Ndiyo" yetu inakubaliana na aliyeuliza, "yes" yao inakubaliana na tendo: limefanyika, "yes", halijafanyika, "no", hata swali liwe na kikanusho. Dawa ni kumalizia kitenzi kila mara: "No, they haven't." Na mgeni akisema "Do you mind if I sit here?", ukimruhusu jibu ni "no". Najua inauma.

Nyingine ni saa. Mwingereza akisema "half seven" ni 7:30, yaani saa moja na nusu yetu. Mjerumani kwa lugha yake "halb sieben" ni 6:30. Ukiwa na wageni wa aina zote mbili kwenye boti moja, usitamke "half" kabisa. Andika 07:30 kwenye karatasi. Na "biweekly" kwenye ratiba msiikubali, ina maana ya mara mbili kwa wiki na pia kila baada ya wiki mbili. Muulizeni aliyeandika.

Binti Raskazone: Mimi nauliza, kwa nini ni "in a car" lakini "on a bus"?

Mzee wa Kamusi: Dada, pima hivi: chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "on": basi, treni, meli, ndege. Unachoingia kwa kuinama ukakaa ni "in": gari dogo, teksi, bajaji. Unachokalia juu kwa kutanua miguu ni "on" tena, ndiyo bodaboda. Kipanya kinaleta ubishi, kwa sababu unainama lakini ni usafiri wa abiria wenye njia yake, kwa hiyo kinafuata basi.

Kichwa Ngumu wa Muheza: Haya nimekubali nusu. Lakini mkonge wetu wanauitaje?

Mleta uzi: "Sisal", na wanatamka saisol. Jina la bandari ya Sisal kule Yucatán, Mexico, ambako wenyewe wanasema sisal, kama unavyosoma wewe. Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alileta miche Tanga mwaka 1893, jina likaja na tamko likapotelea njiani. Mtoto wa Muheza akisoma "sisal" kwa herufi zake anakuwa amelitamka kwa usahihi kuliko mwalimu wake, na bado atakosolewa.