Wi-Fi ya mtaa Lamu: mteja akisambaza haramu mtandaoni, anayeulizwa ni nani?

fundi_langoni
Assalaam alaykum wanabaraza. Mtu ana laini ya faiba, anaigawa kwa hotspoti ya vocha Langoni na Mkomani, pamoja na nyumba za wageni kule Shela. Mteja akisambaza picha za uchi za mtu bila ridhaa yake, au mabaya zaidi, picha za watoto, nani anabeba? Mwenye hotspoti, kampuni inayoleta laini, au serikali iliyoiacha tovuti wazi? Na afisa akija kutaka orodha ya wateja wote na walichoangalia, hupewa?

wakili_wa_pwani
Waalaykum salaam. Mzigo ni wa aliyesambaza. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwekea faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili, kwa picha za faragha. Za watoto ni kifungu cha 24: hadi milioni 20, au miaka 25, au vyote viwili.

Wewe unalindwa na kifungu cha 56. Mtoa huduma hashtakiwi wala hadaiwi mpaka ithibitishwe alikuwa na taarifa au alijua, au alikuwa na nia mbaya, na kwa hivyo akasaidia kosa. Kwa hiyo barua ya malalamiko usiitupe droo. Iandike tarehe na saa uliyoipokea, maana kuanzia hapo huwezi kusema hukujua.

Kuhusu afisa, watu huchanganya karatasi mbili. Notisi ya kuhifadhi data, kifungu cha 51, mpelelezi aweza kuitoa mwenyewe: unazitunza hadi siku 30, na mahakama yaweza kuongeza. Hiyo yaweza pia kukutaka useme mawasiliano yalipitia kampuni gani, na hilo umwambie. Kukabidhi data yenyewe kwataka amri ya mahakama, kifungu cha 50. Orodha ya mtaa mzima, bila IP (namba ya anwani ya mtandaoni) wala saa, inagongana na ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mjibu kwa adabu na kwa maandishi kwamba unasubiri amri. Usibishane mlangoni.

mitambo_shela
Naongeza upande wa mitambo, huko ndiko watu hukwama. "Walichoangalia" hunacho hata ungetaka kutoa. Kurasa nyingi siku hizi ni HTTPS, yaani zimefungwa kwa msimbo. Ruta yako mara nyingi huona jina la tovuti, picha haioni.

Tatizo ni IP. Laini nyingi za bei nafuu ziko nyuma ya CGNAT: wateja wengi wa kampuni wanatokea nje kwa IP moja, nawe chini yao unawagawia wengine. Barua ikija na IP na tarehe peke yake, haimtambui mtu. Idai namba ya poti ya chanzo (inayotenganisha miunganisho ndani ya IP moja) na saa mpaka sekunde, kisha uliza saa hiyo ni ya wapi. Ripoti nyingi kutoka nje huja kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Tarehe 4, 22:15 UTC, kwetu ni saa saba na robo usiku, tarehe 5. Ukisoma vibaya unamtaja mwenye vocha ya jana, na mtu wa watu analala ndani.

Ruta ya MikroTik isipoguswa huweka logi (rekodi za matumizi) kwenye kumbukumbu ya muda, mistari 1,000 tu. Umeme ukikatika, zimekwenda. Zitume kwenye kompyuta ndogo iliyo pembeni, na uwashe NTP, huduma ya kusawazisha saa, ili isiteleze. Andika vocha, IP ya ndani, poti, mwanzo na mwisho. MAC, namba ya kifaa chenyewe, usiitegemee: tangu Android 10 na iOS 14, simu hujibunia MAC nyingine kwa kila mtandao. Kinachoshika ni namba ya M-Pesa iliyonunua vocha.

bi_mkomani
Haya yote ni baada ya madhara. Kwani serikali isizifunge tu tovuti hizo?

mitambo_shela
Bi, hufungwa, lakini kwa kiasi. Ukizuia kwa DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa IP, kijana anabadilisha mpangilio mmoja kwenye simu na kupita. Ukizuia kwa IP, unaangusha tovuti nyingine nyingi zinazokaa kwenye anwani hiyo hiyo. Telegram ilipobanwa wakati wa mtihani wa KCSE Novemba 2023, watu walihamia VPN, njia ya kupita kizuizi.

Kwa nyumba ya wageni yenye watoto, weka DNS inayochuja, 1.1.1.3, elekeza poti 53 yote (njia ya kawaida ya DNS) huko, ufunge 853 (njia ya DNS iliyofichwa). Itapunguza yanayofunguka kwa bahati mbaya. Anayetafuta kwa makusudi haitamzuia.

wakili_wa_pwani
Jambo moja linalowaponza watu wema: ukiletewa picha ya mtoto kama ushahidi, usiipakue, usipige skrinshoti, usiitume kwenye kundi la WhatsApp eti watu wajihadhari. Kuwa nayo tu ni kosa chini ya kifungu cha 24. Nakili anwani ya ukurasa na saa, upeleke kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, au upige 116, simu ya msaada kwa watoto.

fundi_langoni
Shukran. Logi nizikae nazo muda gani?

wakili_wa_pwani
Kwa maoni yangu miezi sita yatosha kwa biashara ya kiasi hicho, kisha zifute. Ila zilizoguswa na notisi usizifute. Uandike muda huo kwenye masharti ya vocha, mteja ausome kabla ya kubonyeza "kubali".